Mgeni Njoo

Nilifika shambani kwa Assuntina mwezi wa Juni,
kusini kabisa mwa Italia, pale nchi inapochongoka
kama kisigino cha kiatu,
nina mkasi, mifuko ya plastiki, kalamu isiyofutika.
Alinisubiri mlangoni.
"Usiuguse ule wa kisimani," alisema.
"Aliupanda babu wa babu yangu."
Nikamwambia nakata vijiti tu,
vinne kwa kila mzeituni.
"Wote huanza na vijiti."

Majani yalikuwa yameungua pembeni
kama barua iliyotupwa motoni, kisha mtu akajuta.
Wala haukuwa moto. Ilikuwa kiu,
kiu ya mti uliosimama juu ya maji.

Nikamweleza nilivyoweza:
ndani ya shina mna mabomba membamba kuliko unywele,
maji hupanda humo toka mizizini bila pampu, bila kelele.
Na yuko mdudu, yule anayeacha povu kwenye magugu
majira ya kuchipua,
povu jeupe kama mate ya mtoto anayeota meno.
Hufyonza mti huu, huruka, hufyonza ule,
na kinywani amebeba wapangaji.

"Wanataka nini?"

Hawataki. Hilo ndilo gumu kumwambia mtu.
Hawana chuki, hawana hata jino.
Hujishika ukutani mwa bomba, hugawanyika, hufuma utando,
wawili, wanne, kijiji.
Kwenye rozimari pale kizingitini pake
huenda wanaishi mwaka mzima bila fujo.
Ni mzeituni unaowasikia,
na ukiwasikia
hujiziba.
Ndiyo, mti wenyewe. Huvimbisha viputo ndani ya mishipa yake
ili adui asipite,
na maji nayo hayapiti.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni kaja. Mwenyeji kafunga milango yote
akiwa ndani.

Assuntina alikalia ndoo iliyopinduliwa.
Akajigonga kifua, upande wa kushoto,
kama mtu anayejibishia hodi.
"Mimi pia ninao," alisema.
"Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikohoa hadi Pasaka,
akanyamaza.
Daktari wa Lecce alinionyesha picha:
punje nyeupe, kubwa kama dengu.
Wamo humo, akasema, hai, wamelala,
mwili wako umewajengea ukuta.
Miaka sitini na mitatu nawapangisha bure."

Akautazama mti wa kisimani.
"Mimi nilijenga kidogo. Huu umejenga mno.
Ndiyo tofauti?"

Nilitaka kusema si rahisi hivyo.
Nikaandika namba kwenye mfuko.

Nyuma ya nyumba, Cosimo, mpwa wake,
alikuwa amepandikiza vikonyo vya lechino
juu ya kisiki kikongwe, akavifunga kwa utepe wa buluu.
Lechino nayo huambukizwa.
Ukiipima unamkuta mgeni,
ila ni wachache, na njia hazijazibwa,
mti unakunywa, unazaa.
Cosimo anaita huo ushindi.
Mimi naona majirani wasiosalimiana,
na ukuta mmoja kati yao,
na usiku hadi usiku hakuna anayeubomoa.

Majibu yalitoka Bari siku ya kumi na moja.
Sikupiga simu, niliendesha gari mwenyewe,
nikiyasema maneno kwa sauti, nikiyabadilisha,
kila upande wa barabara matawi makavu
ya mashamba ambayo hakuna tena wa kuyapelekea majibu.

Alikuwa akianika mashuka.
Alinitazama usoni, hakuuliza.
Akafunika mdomo kwa ncha ya shuka,
akakohoa,
mara moja, kikohozi cha vumbi, cha kawaida,

na sote wawili tukakaa kimya
tukisikiliza kama kitafuata kingine.