Ua la Kutwa

Muuza miche wa Mwenge hakunificha:
"Dada, ua lake halivuki magharibi."
Nikanunua hivyo hivyo, nikapanda Tabata
kwenye ndoo ya rangi iliyopasuka,
kwa samadi ya kuku wa Mama Nasra.

Mimi ni mtu wa zamu ya usiku.
Narudi saa moja, miguu imevimba,
nalikuta wazi, rangi ya chungwa, koo la manjano.
Nalimwagia maji yaliyooshea mchele,
nalitazama mpaka chai ichemke.
Nalala.

Nikiamka jioni limeshajisokota
kama kitambaa kilichokamuliwa.
"Chausiku na ua la mchana!" Mama Nasra hucheka.
"Na wala haliliwi?"

Juzi, wodini, kichanga kiliishi saa tisa.
Mama yake alikuwa ameshampa jina: Tunu.
Nikaliandika daftarini kwa herufi kubwa,
polepole, kalamu isikwaruze.

Leo kuna vitumba vinne. Kimoja kimenona,
ncha imeanza kutoa rangi.
Nimemwomba Hobokela anishikie zamu.
Alfajiri natoa kigoda nje,
nikae nalo
kutwa.