Mtu wa Mita

Mwezi wa nne bomba lilikohoa mara tano.
Nilihesabu kwa makaa, nyuma ya mlango wa jiko:
Jumanne usiku wa manane, maji ya rangi ya chai;
Jumapili saa ya misa, kilima kizima kiko kanisani
ila mzee Cirhuza, ambaye mguu ulimnyima ibada
ukamjalia madumu sita.
Mara tatu zilizobaki ilikuwa hewa.
Na hewa hiyo imeandikiwa fakture.

Najua, Bwana Murhula, wewe si wa maji.
Wa maji alikuja jana.
Wewe ni wa umeme. Karibu. Keti hapo. Si hapo, hapo panavuja;
maji yanayotoka juu ndiyo pekee
yasiyo na mita katika nyumba hii.

Umeme unaujua mwenyewe.
Friji la Mama Faida limekuwa kabati la viatu.
Huja kama shemeji mwenye deni,
usiku, bila hodi,
na kabla hujampakulia ameshaondoka.
Wiki iliyopita uliporudi, Kadutu yote ilipiga kelele,
juu hadi bondeni, hata wagonjwa,
nami nikakimbilia pasi.
Nilinyoosha kola.
Asifiwe wangu akaenda shuleni
shingoni waziri, mgongoni kibarua.

Na nyaya zenu zinapita juu ya bati letu
zikienda kwa wengine,
zinavuma usiku kucha
kama mtu anayekula amefumba mdomo.
Ziwa nalo liko pale chini, limejaa,
linatutazama na madumu yetu.

Ukatoa kalamu. Ukainama kwenye mita.
Giza.
"Mama, nimulikie kidogo."
Nikawasha mshumaa
ili uone umeme niliotumia.

Hapo ndipo ulipokohoa.

Kikohozi hicho nakijua. Kavu, mara mbili, halafu kimya,
kama mtu anayebisha mlango asiotaka ufunguliwe.
Foleni ya chemchemi, saa tisa za usiku:
mwanamume mwenye kofia ya sufu
aliyenitwisha dumu bila kusema jina,
akakohoa,
akapotea na lake mgongoni.
Nilimwombea mtu yule. Siku mbili nzima.

Nikashusha mshumaa hadi kwenye viatu vyako.
Udongo mwekundu, ule ule wa chemchemi.
Ukavivuta chini ya kiti.

Sikuuliza. Ukaandika namba,
sijui namba gani, uliikunja karatasi upesi
ukaichomeka kwenye msumari pamoja na dada zake.
Mlangoni ukageuka, si kwangu, kwa kizingiti:
"Leo uje kabla ya saa nane.
Baadaye watu wanakuwa wengi.
Kwetu pia, tangu Pasaka, hata hewa haiji."

Ukashuka ngazi za mawe ukiwa na begi la shirika kwapani.
Nami nikapuliza mshumaa.
Huo hulipwa kabla haujawaka.