Karatasi ya Mwisho

Saa kumi na mbili kamili, si dakika moja kabla:
sheria haimruhusu mtu kubishiwa hodi ya aina hii usiku.
Tumesimama ngazini, ghorofa ya tatu, Roubaix,
dalali wa mahakama, Bwana Delesalle, na mkoba wake,
polisi wawili wanaopokezana miayo,
na mimi, fundi vitasa, na sanduku la bisibisi.
Tarehe mbili Aprili.

Mimi ndiye karatasi ya mwisho.
Zilinitangulia nyingine:
ile ya kudai kodi, yenye wiki sita za kuvuta pumzi,
kisha wito,
kisha chumba chenye viti vya plastiki
ambamo hakimu alimuuliza Maëlle Quesnoy,
“Utaweza kulipa kidogo kidogo?”
Akasema ndiyo,
ndiyo ya mgonjwa anayeulizwa na daktari
kama maumivu yamepungua.
Mwezi wa kwanza akalipa. Wa pili, nusu.
Wa tatu, dobi kubwa la mashuka ya hospitali likafunga milango,
na kuifunga milango ile
hakuitwa fundi.

Ikaja hukumu. Ikaja amri ya kuhama,
miezi miwili tena, na miezi ina miguu:
ikafika ukingoni Oktoba ishirini na tisa,
siku tatu kabla sheria haijalala.
Maana huku, Novemba ikiingia, sheria hujifunika blanketi;
hatolewi mtu mpaka Machi iishe.
Theluji ni wakili asiyedai ada.
Ikiyeyuka, mteja hubaki peke yake.

Chini, kando ya barabara, yupo mwenye nyumba.
Usimchoree kitambi wala pete.
Ghislaine Verhaeghe, miaka sabini na minne,
koti limefungwa vifungo vibaya, kimoja kimeruka.
Vyumba hivi viwili aliachiwa na dada yake;
kodi yake ndiyo iliyokuwa inaziba tundu la pensheni.
Miezi kumi na tisa amelipia maji ya jengo,
ukarabati wa paa, wakili, dalali,
na leo atanilipa mimi.
Dawa ya deni kulipa, wanasema.
Dawa hii kainywa asiyeumwa.

Na wanasema sheria ni msumeno,
hukata mbele, hukata nyuma.
Nina misumeno minne karakana.
Sijaona hata mmoja ukijiendesha.
Kila msumeno una mpini,
na mpini,
basi, tuendelee.

Delesalle anagonga. Anataja jina lake na la mahakama.
Anagonga tena. Ananitikisia kichwa.
Napiga goti.
Kitasa hiki nakijua, cha zamani, kishari,
hung'ata vyuma vyangu dakika ishirini
halafu hunilazimisha kukitoboa kwa keekee.
Leo kimelegea mara moja
kama ngumi ya mtoto aliyepitiwa na usingizi.
Natazama vidole: vinang'aa.
Mafuta ya cherehani. Nayajua kwa harufu.
Mtu alikipaka jana, taratibu, tone kwa tone,
kabla ya kuuvuta mlango nyuma yake.

Ndani, Delesalle anaandika orodha kwa sauti:
meza moja. Pazia moja. Sufuria isiyo na kifuniko.
“Hakuna chenye thamani,” anasema, anapiga mstari.
Sakafu imedekiwa. Polisi mmoja anajifuta viatu,
amechelewa, tayari yuko katikati ya chumba.

Kutoboa kungemgharimu Bibi Ghislaine euro tisini zaidi.
Sijui kama Maëlle alilijua hilo.
Huenda alichukia tu kelele.
Kwenye ankara nimeandika: kufungua, bila kutoboa.
Pa kuandika mafuta hapapo.

Nafunga kitasa kipya. Nashuka na funguo tatu.
Bibi anapanda nami, ngazi moja moja, anajaribu mmoja.
“Kigumu hiki,” analalamika.
“Kipya,” namwambia. “Kitazoea.”