Kiti cha Tatu, Safu ya Nyuma

Juu ya duka la vigae, Bondeni,
mlango usio na kibao,
viti arubaini vya plastiki, vya kukodi.
Thelathini na tisa vya watu.

Swabra ndiye jini.
Hujipaka liwa uso mzima, hufunga kilemba chekundu,
na Mwinyi wa taa huzima zote
ibaki balbu moja, rangi ya maji ya ukwaju.

Mimi ndiye mgonjwa. Sikufundishwa.
Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, huko Kisauni,
nilipungwa siku tatu.
Anayepandwa huitwa kiti:
nikawa kiti.
Ubani, ngoma, beberu mweusi,
na mganga kaniinamia sikioni:
“Ewe jini mahaba, u nani?
Wataka nini kwa mwana wa watu?”

Jini sikuwa naye.
Nilikuwa na Shufaa, binti wa muuza mabuyu,
vidole vyekundu hata siku ya Idi.
Nikalitaja jina lake, wanihurumie.
Wakasema, ndilo, limejitaja.
Wakaliandika kwa zafarani kwenye sahani nyeupe,
wakaliosha kwa marashi,
wakaninywesha.

Nililinywa lote. Nikalamba na sahani.

Alipokufa, kwa homa ya siku sita,
sikupokewa matangani.
Mamake alisimama mlangoni na leso mdomoni,
hakusema kitu,
nami nikarudi kwa miguu hadi Makupa.

Sasa ni mchezo. Watu hulipa, hucheka,
wengine hushikana mikono gizani kwa saa moja na robo,
kisha hushuka ngazi mmoja mmoja, kama wasiojuana.
Kwenye daftari imeandikwa:
mganga auliza, jini acheka, taa zizimwe.

Alhamisi iliyopita jini hakucheka.
Swabra alinitazama kama anayenitafuta sokoni.
“Sitaki mbuzi,” akasema,
“wala kilemba. Nataka kukaa.”

Mwinyi alisahau kuzima.
Mimi nilitazama safu ya nyuma, kiti cha tatu,
sijui kwa nini hicho.

Swabra hakumbuki. Asema alikuwa na njaa.
Kadzo, tulipokuwa tukifagia,
aliokota kokwa ya buyu, imefyonzwa hadi nyeupe,
akaitia kwenye ndoo ya taka pamoja na tikiti.
Sikumzuia.

Mwenye viti huja kila Ijumaa asubuhi na mkokoteni.
Huhesabu kwa kidole, hunung'unika:
thelathini na tisa wamekaa, mwalipia arubaini?

Nampa shilingi zake ishirini.