Ukingo

Umeme ulirudi saa nne na robo.
Nta ilikuwa imeganda, nikashukuru,
maana Dodoma mwezi wa kumi na moja nta hulegea
kama shemeji aliyeulizwa deni.

Nikakata. Mikroni nne.
Utando ukaelea juu ya maji ya uvuguvugu,
nikauopoa kwa kioo, nikaupaka rangi mbili:
zambarau kwa viini, waridi kwa vyote vilivyobaki.
Sechelela Mbeleje, miaka hamsini na miwili, Hombolo,
titi la kushoto. "Kama zabibu," alimwambia daktari,
"tena ile iliyosahaulika shambani."

Wengine wangeitazama zabibu.
Daktari Nyemo Chilongani haitazami.
Mwaka wa sita huu anatazama ukingo,
pale uvimbe unapopakana na nyama nzima,
na mimi ndiye ninayemkatia.
"Njoo uone majirani," ananiita.

Naweka jicho.
Seli za nyuzi, mafundi wa kushona vidonda,
zimeitwa kwa kilio cha uongo:
nimeumia, nimeumia, njooni.
Zikaja. Nani asingekuja?
Zimeleta uzi, zimevuta mishipa ya damu,
zinashona kidonda kisichokuwepo
na hakuna anayeziambia imetosha.
Walinzi nao wamefika, wale wanaomeza uchafu;
wamekaribishwa, wamelishwa,
wamesahau kilichowaleta.

Na zile nyuzi! Kwenye titi zima hulala zimejikunja
kama mkeka mkuukuu.
Hapa zimevutwa zikakazwa, zimeelekezwa nje,
na juu ya uzi mmoja, mmoja tu,
seli tatu zinafuatana
kama sisimizi kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Nikasema: ni kama mtu aliyejenga bila kibali,
majirani wakamvutia maji.
Nyemo akacheka.
Mimi kicheko kilinikwama. Nilikumbuka ukuta wa mjomba Yolamu,
alama ya X, rangi nyekundu bado inachuruzika,
na mjomba hakuwa ugonjwa wa mtu yeyote.
Mfano huo nimeufuta.

Basi niseme mbigili.
Jioni, mama alizing'oa kwenye kandambili zetu mlangoni,
moja moja, kwa ncha ya kisu, akizitupa motoni.
Mbigili haina miguu, husafiri kwa miguu ya wengine.
Nyingi hufia njiani, na damu ni njia mbaya:
inasukuma, inagonga, ina walinzi wasiohongeka.
Ila iko moja hudondoka penye unyevu,
kwenye mfupa, kwenye ini,
na hapo, hili ndilo linalomnyima Nyemo usingizi,
inakuta pameshalimwa.
Nani alitangulia kulima?
Daftarini mwake swali hilo limepigiwa mistari miwili
na chini yake ukurasa ni mweupe.

Anajaribu dawa isiyougusa uvimbe,
inayowaendea majirani tu: acheni, rudini makwenu.
Sahani kumi na mbili. Katika mbili walisikia.
Katika ya saba walikasirika, wakashona zaidi.
Ameandika yote, hata ya saba,
hasa ya saba.

Alhamisi Sechelela alikuja dirishani kwangu
na ndoo ndogo imefunikwa kwa kanga.
"Wewe ndiye uliyeikata?"
"Ndiyo, mama."
"Imesambaa?"
Majibu hutoka kwa daktari, hiyo ni sheria,
na ni sheria nzuri, nikajificha nyuma yake.
"Basi niambie rangi tu."
"Zambarau," nikasema. "Na pembeni waridi."
Akafikiri. "Hiyo ya pembeni ndiyo mimi?"

Sikujua.
Nilisema ndiyo.

Akaniachia kichala kimoja juu ya fomu.
Nilikiosha, nikala nimesimama karibu na sinki,
nikitemea mbegu kiganjani,
nikizihesabu.