Mguu Mmoja wa Korongo

Bwana mchoraji, umefika na kompyuta
na viatu visivyojua tope,
ukasema nembo yetu ina kasoro:
korongo ana mguu mmoja,
kwenye simu anaonekana kama mwavuli uliofungwa.
Wazee wa bodi walicheka. Mimi sikucheka.
Mimi ndiye nifuaye jezi za Sarvigny,
huu mwaka wa thelathini na moja.

Keti. Chumba kina joto la pasi, na kahawa ipo.

Mwaka wa kumi na mbili, karne iliyopita,
korongo alikuwa na miguu yote.
Clothilde Massart, binti wa kiwanda cha sufu,
alimtarizi kwa uzi wa bluu ulioibwa,
tuseme uliookotwa,
chini ya mashine namba saba.
Ndege majini, wima,
na nyuma yake gurudumu la kinu.
Jezi kumi na moja, makorongo kumi na moja,
hakuna wawili waliofanana:
mmoja mnene, mmoja ana makengeza,
na yule wa golikipa, Anselme Thiriet,
alikuwa mzuri kupita wote.
Watu wakanong'ona. Hawakukosea.

Kisha vita vikaikusanya timu
kama mtu anyakuavyo nguo kambani
mvua inapoanza.
Walirudi wanne.
Anselme alirudi na gongo,
suruali upande wa kulia imekunjwa, imebanwa kwa pini.
Hakuna aliyejua la kumwambia;
maneno ya watu wa huku ni haba
kama jua la Januari.
Clothilde naye hakusema. Alitwaa wembe,
akafumua mguu wa kulia wa korongo,
uzi kwa uzi, jezi kwa jezi,
na Jumapili ya kwanza timu ikaingia uwanjani
na ndege asimamaye kwa mguu mmoja.
Anselme, benchini, alitazama.
Akavua kofia. Akaivaa tena.
Basi. Hiyo ndiyo hotuba yote.

Waliofuata hawakujua.
Walidhani ni desturi ya korongo, kusimama hivyo.
Hamsini na nne, tulipoungana na klabu ya mgodini,
walimtundikia taa mdomoni,
kwa kuwa Kazimierz Pawlik na wenzake
waliapa hawatavaa ndege mtupu.
Sabini na sita, mwenye kiwanda cha biskuti
alitaka njano; akalipa; njano ikaja.
Themanini na tisa tukafilisika,
tukashuka madaraja hadi kucheza na vijiji
vyenye ng'ombe nyuma ya goli,
nembo ikapigwa mhuri kwa wino mweusi
kwenye fulana za bei ya mkate.
Taa ilidondoka njiani, sijui wapi.
Gurudumu likawa duara tu.
Njano niliifua mwenyewe hadi ikaisha.
Mguu ulibaki mmoja.

Sasa unataka herufi mbili ndani ya pete.
Au, kwa hisani yako,
umrudishie korongo mguu wake.

Sikulaumu, hukuambiwa.
Hata mimi nilisikia kwa bahati,
mama akimsimulia jirani huku akipiga pasi,
akidhani nimelala.
Clothilde ni bibi yangu, mzaa mama.
Kwenye cheti cha mama, mahali pa jina la baba
pameachwa wazi, padogo,
upana wa sindano.

Machi hii Ilyes Benkhelifa, winga wetu,
miaka kumi na saba, alivunjika kifundo.
Alikaa hapo ulipokaa wewe, mguu juu ya ndoo,
halia, lakini kidevu kinatikisika.
Akaigusa nembo kifuani kwa kidole gumba,
akaniuliza: huyu naye aliumia?
Nikamwambia ndiyo.
Akaitazama tena, muda mrefu,
kama mtu anayesoma barua yenye jina lake.

Chora utakalo, bwana. Wewe umelipwa, mimi ni mfuaji.
Kahawa yako imepoa.
Niongeze?