Kopo

Simu inasema: mita nane.
Setilaiti huko juu haijui
kwamba hapa Section 58 kuna ua, kuna seng'enge,
kuna kibao: Usikanyage Nyasi.

Jumapili. Ofisi zote zimefumba vioo.
Nimeinama kama aliyeangusha funguo,
napapasa nyuma ya jenereta,
vumbi jeupe la ziwani limejaa kwenye kucha.

Askari ananitazama.
Langoni aliniandika: jina, kitambulisho,
unamwona nani?
Nikadanganya: mhasibu.

Mita mbili. Moja. Sifuri,
na sifuri ni ukuta mtupu.

Nilikuwa nageuka niondoke
alipopita, akakohoa,
akagonga tofali kwa rungu, mara moja tu,
akaenda zake akipiga mluzi.

Kopo la Kimbo. Ndani yake kifungo, kobole,
karatasi iliyokunjwa mara nane:
wageni na tarehe zao,
na kati yao, kwa mwandiko ule ule wa daftari la langoni,
*Sitati, zamu ya usiku. Nimeliona.*
*Sitati, zamu ya usiku. Mvua kubwa. Bado lipo.*

Nikaandika jina langu chini ya lake.
Safu ya unamwona nani haikuwepo.
Nikaichora mwenyewe,
nikajaza.